Taa za Gari Lako: Sheria Inataka Nini, na Trafiki Anaangalia Nini

Ukimuuliza dereva sheria inadai nini kuhusu taa za gari, mara nyingi atakujibu kwamba ziwe zinawaka. Hiyo ni nusu ya jibu. Gari linaweza kuwasha kila balbu iliyomo na bado likawa linavunja sheria: rangi si yake, mwanga umeelekea machoni mwa watu, au taa imewashwa pasipostahili. Sehemu kubwa ya kanuni za taa imetungwa kwa ajili ya mtu aliye nje ya gari lako, yule anayekuja mbele, anayekufuata nyuma, au anayevuka barabara kwa miguu. Ukilishika hilo, kanuni nyingi utazikisia mwenyewe bila kufungua kitabu.

Tuanze na sheria zenyewe. Kenya wana Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Kifungu chake cha 55 kinataka gari na vifaa vyake vyote, taa na matairi vikitajwa waziwazi, vitimize masharti ya sheria na vitunzwe muda wote katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara wala waliomo ndani ya gari. Muda wote, si siku ya ukaguzi peke yake. Anayekiuka anaweza kutozwa faini hadi shilingi 400,000 za Kenya, au kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili. Hicho ni kikomo cha juu, lakini kinakuonyesha kwamba bunge halikulichukulia jambo hili kuwa la mzaha. Na kifungu hakimgusi mwenye gari pekee. Anayeliendesha naye yumo. Ukikamatwa na gari la bosi lisilo na taa za breki, utetezi kwamba gari si lako hautakufikisha mbali.

Tanzania wana Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, Sura ya 168. Huko dereva anayekubali kosa papo hapo huandikiwa faini ya shilingi 30,000 kwa kosa moja, na tangu bajeti ya 2021 waendesha bodaboda na bajaji hulipa 10,000. Linganisha na bei ya balbu ya taa ya nyuma dukani Kariakoo na utaona nani anapata hasara.

Nyuma ya sheria hizi kuna Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao Kenya ni mwanachama, pamoja na kanuni za kiufundi za Umoja wa Mataifa wanazozifuata watengenezaji wa magari Ulaya na Japani. Magari yetu mengi yametoka huko, kwa hiyo vipimo nitakavyovitaja hapa ndivyo gari lako lilivyoundwa kuvifuata lilipotoka kiwandani. Mengi ya makosa ya taa unayoyaona barabarani yamefanywa baada ya hapo, gereji au dukani.

Rangi na mahali pake

Mbele ni nyeupe, au njano hafifu. Nyuma ni nyekundu. Indiketa ni rangi ya chungwa. Taa ya rivasi ni nyeupe, nayo ndiyo nyeupe pekee inayoruhusiwa kumulika kuelekea nyuma, ukiondoa kile kitaa kidogo cha kumulika namba. Taa nyekundu haitakiwi kuonekana mbele ya gari hata kwa pambo.

Sababu ni nyepesi. Usiku mtu aliye mbali haoni gari, anaona nukta za mwanga. Akiona nyekundu mbili anajua anamfuata mtu. Akiona nyeupe mbili anajua kuna mtu anamjia. Sasa fikiria lori ambalo kioo chake chekundu cha nyuma kimepasuka, balbu imebaki uchi inatoa mwanga mweupe. Anayekuja nyuma kwa kasi anaona nyeupe, anadhani ni gari linalomjia upande wake wa pili, na anapogundua kwamba ni lori lililo mbele yake linalopanda mlima kwa mwendo wa baiskeli, amechelewa. Ndiyo maana trafiki anayeijua kazi yake hukuandikia kosa kwa kioo kilichopasuka hata kama balbu inawaka vizuri. Watu huziba ufa kwa soletepu nyekundu au rangi ya kucha. Kwa kufika nyumbani usiku mmoja, sawa. Kwa mwezi mzima, hapana, kwa sababu jua huipausha na mvua huibandua.

Upande wa pili kuna vijana wanaopaka vioo vya taa za nyuma rangi nyeusi ili gari lionekane la kisasa. Taa ya nyuma inapaswa kuonekana kutoka mita 300 usiku hali ya hewa ikiwa nzuri. Ukishaipaka moshi, umepunguza mwanga wake, na mchana wa jua kali taa ya breki haionekani kabisa. Hakuna ufundi wa kulizunguka hilo. Iondoe.

Taa ya kumulika namba hudharauliwa kuliko zote. Namba ya nyuma inatakiwa isomeke usiku kutoka mita 20 gari likiwa limesimama. Balbu yake ni ndogo, ya wati 5, na hufa bila kukuarifu kwa sababu wewe huioni ukiwa ndani. Wanaopanga uhalifu hupenda magari yenye namba gizani, kwa hiyo usishangae ukisimamishwa mara kwa mara usiku huku ukijiuliza umekosa nini.

Urefu nao una kanuni. Taa kubwa za dimu zinapaswa kukaa kati ya sentimita 50 na 120 kutoka ardhini. Wenye pikapu na magari ya porini wanaoinua chesisi kwa springi ndefu wanajua gari litavuka tope vizuri, ila hawafikirii kwamba taa zimepanda pamoja nalo na sasa zinaingia moja kwa moja kwenye kioo cha pembeni cha gari dogo. Ukiinua gari, shusha taa upya siku hiyohiyo.

Bluu na nyekundu zinazomulika kwa kuzunguka ni za polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa. Vimulimuli kwenye grili ya gari binafsi ni kosa, na polisi wa Kenya na Tanzania wamefanya misako ya kuving'oa mara nyingi. Kuwa na bosi mkubwa ofisini si kibali.

Fulu na dimu

Hapa ndipo penye ajali nyingi, tukae kidogo.

Mkataba wa Vienna unataka fulu imulike barabara angalau mita 100 mbele ya gari, na dimu angalau mita 40 bila kumuumiza macho anayekuja. Sasa piga hesabu. Ukienda kilomita 80 kwa saa unakata mita 22 kila sekunde. Mita 40 za dimu unazimaliza kwa chini ya sekunde 2, na katika hizo, sekunde moja au zaidi inaishia kwenye ubongo wako kutambua kitu na mguu kuhama kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Kilichobaki hakitoshi kulisimamisha gari. Maana yake ni kwamba mtu anayetembea na dimu kilomita 80 kwa saa kwenye barabara isiyo na taa anaendesha kwa imani kwamba hakuna kitu mbele. Punda, baiskeli isiyo na kiakisi mwanga, lori lililoegeshwa bila alama: vyote hivi viko nje ya mita 40 mpaka ghafla viwe ndani yake. Kwa hiyo fulu si anasa wala ubabe. Kwenye barabara nyeusi isiyo na mtu, sheria inakuruhusu uitumie, na busara inakutaka uitumie.

Lakini kuna mahali pa kuishusha. Unapopishana na gari, pikipiki au baiskeli, shusha mapema, usingoje mwenzako aanze kukupigia fulu. Unapomfuata mtu kwa karibu, shusha pia. Wengi hulisahau hili, wanadhani fulu humuumiza anayekuja mbele tu, kumbe wa mbele yako anaipokea kupitia vioo vitatu kwa mpigo. Ndani ya mji wenye taa za barabarani, shusha. Na kama anayekuja amekataa kushusha, usimlipizie. Vipofu wawili wanaopishana kwa kilomita 80 ni wabaya kuliko kipofu mmoja. Punguza mwendo, hamisha macho yako kwenye mstari wa kushoto wa barabara, ufuate huo mpaka apite.

Giza kwetu huingia upesi. Karibu na ikweta jua likishazama hakuna ile jioni ndefu ya Ulaya. Ndani ya nusu saa umeshaingia usiku. Ule muda wa magharibi, ambao wewe bado unaona vizuri na hivyo unaona taa hazihitajiki, ndio ambao gari la kijivu linapotea kwenye lami ya kijivu. Washa dimu jua linapoanza kutua, si taa ndogo za pembeni. Taa ndogo kazi yake ni kuonyesha gari lilipo likiwa limesimama, hazimuliki njia. Mvua kubwa ya mchana vilevile: wakati waipa zinafanya kazi kwa kasi, dimu iwe inawaka.

Waendesha pikipiki, nyinyi mkataba unawataka muwashe dimu mbele na nyekundu nyuma hata mchana kweupe. Pikipiki nyingi mpya taa zake huwaka zenyewe injini ikishawaka, na kuna mafundi wanaokata waya huo "ili betri isife." Betri haiishi kwa sababu hiyo, kama chaji inafanya kazi, taa inalishwa na injini. Waya ukikatwa, dereva wa fuso anayetaka kuingia barabarani atakuona umeshafika kwenye bampa.

Kupima mwelekeo wa taa nyumbani

Huhitaji mashine. Tafuta ukuta na uwanja ulio sawa, jaza upepo matairi, mtu mmoja akae kwenye kiti cha dereva. Sogea mpaka karibu na ukuta, weka alama za chaki palipo katikati ya kila taa, kisha rudi nyuma mita 10. Washa dimu. Utaona mstari unaotenganisha mwanga na giza. Kwenye gari dogo ambalo taa zake ziko chini ya sentimita 80 kutoka ardhini, mstari huo unatakiwa ukae sentimita 10 hadi 15 chini ya alama zako. Ukiwa juu ya alama, unawapofusha watu. Ukiwa nusu mita chini, unamulika bampa lako mwenyewe. Magari mengi yana kibandiko karibu na taa kilichoandikwa asilimia 1.0 au 1.2 pamoja na mchoro wa taa. Asilimia 1 maana yake ni kushuka sentimita 1 kwa kila mita, yaani sentimita 10 kwenye ukuta wako.

Angalia pia umbo la mwanga. Kwa sisi tunaoendesha kushoto, mstari huo hupanda kidogo upande wa kushoto, ili umulike ukingo wa barabara na watu wanaotembea pembeni, huku upande wa kulia ukibaki chini usimuumize anayekuja. Kama gari lako linapanda kulia, taa hizo zilitengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia. Hutokea sana kwa watu walionunua taa za mtumba zilizong'olewa kwenye gari la Ulaya. Kuna njia ya kulijua hilo dukani kabla hujalipa. Soma kioo cha taa. Taa zilizoidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa zina herufi E na namba ndani ya duara. Karibu na hapo tafuta mshale. Mshale mmoja unaoelekea kulia kwako ukiwa umeitazama taa uso kwa uso, ni taa ya kuendesha kushoto, chukua. Mshale wenye ncha mbili unafaa pande zote. Isiyo na mshale kabisa ni ya kuendesha kulia, mrudishie muuzaji.

Pale kushoto au kulia kwa usukani kuna kigurudumu kidogo chenye namba 0 hadi 3 au zaidi ambacho madereva wengi hawajawahi kukigusa. Ukipakia magunia nyuma, pua ya gari huinuka na taa nazo. Kigurudumu hicho huzishusha. Namba 0 ni gari tupu.

Balbu, na LED za mitaani

Ukiifungua balbu ya H4, ile yenye miguu mitatu inayotumika kwenye magari mengi ya Kijapani ya zamani na pikipiki, utaona nyuzi mbili ndani yake. Mmoja ni wa fulu, wati 60, mwingine wa dimu, wati 55. Chini ya ule wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati. Kikombe hicho ndicho kinachozuia mwanga usishuke kwenye nusu ya chini ya kiakisi, kwa sababu mwanga ukigonga pale hurudi ukienda juu, yaani machoni mwa anayekuja. Mstari safi uliouona ukutani umetengenezwa na kile kipande cha bati chenye ukubwa wa ukucha.

Balbu ya LED ya bei rahisi unayochomekewa mahali pa H4 ina chipu zinazomwaga mwanga pembeni, na mara nyingi haziko mahali hasa ulipokuwa uzi. Kiakisi kilichochorwa kwa ajili ya uzi mmoja mwembamba sasa kinapokea mwanga kutoka sehemu ambazo hakikupangiwa. Matokeo yake: wewe dereva unaona mbele ya gari kweupe pee, unafurahi, na unaamini taa zimeboreka. Mwanga mwingi umemwagika karibu na pua ya gari na juu ya barabara. Mbali, unakohitaji kuona, huenda umepungua. Kwa kasoro ya aina hiyohiyo, Uingereza gari lililotolewa na taa za halojeni, kama hizo za H4, kisha likabadilishwa balbu kuwa za zenoni hufelishwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Magari yanayotoka kiwandani na LED hayana tatizo hilo la mwanga kumwagika, kwa kuwa taa nzima, lenzi na kiakisi, vimebuniwa pamoja.

Kwa hiyo kama dimu zako ni hafifu, anza na mambo mengine kabla ya kununua LED. Kwanza kioo: plastiki ya taa hupata umanjano kwa jua, iking'arishwa vizuri na kupakwa kinga utaona tofauti usiku huohuo. (Dawa ya meno husafisha, lakini bila kinga umanjano hurudi upesi.) Pili umeme: mpe fundi apime volti kwenye soketi ya taa injini ikiwa inanguruma. Waya wa zamani na swichi iliyochoka hula volti, na balbu inayopata volti 11 haitoi hata karibu ya mwanga wake. Kuweka rilei ni tiba ya kudumu na haigharimu sana. Tatu, balbu zenyewe, ziwe za wati zilezile. Ukiweka za wati 100 utayeyusha soketi na waya, na njiani Chalinze si mahali pa kugundua hilo.

Nyuma

Taa za breki ndizo ambazo dereva hawezi kuziona, na ndizo trafiki huanza nazo. Rudisha gari nyuma mpaka karibu na ukuta usiku, kanyaga breki, angalia vioo: ukuta utakujibu. Balbu ya nyuma yenye nyuzi mbili, wati 21 kwa breki na wati 5 kwa taa ya usiku, ina vipini viwili vya pembeni visivyolingana urefu, makusudi isiingie kinyumenyume. Fundi mwenye haraka huilazimisha. Ikiingia hivyo, taa ya usiku inawaka kwa nguvu ya breki, na ukikanyaga breki haibadiliki au inafifia. Mkataba unataka breki iwe na mwanga mkali waziwazi kuliko taa ya nyuma ya kawaida, na hapo tofauti imeisha.

Ukiona indiketa ikiwaka taa ya breki ya upande huo nayo inapepesa, au kukanyaga breki kunawasha taa nyingine hafifu, usibadilishe balbu. Ni waya wa ethi, umeshika kutu pale unapofungwa kwenye bodi. Fungua boliti, piga msasa mpaka bati ling'ae, rudishia. Kazi ya dakika kumi ambayo watu hulipia siku nzima gereji.

Indiketa inapaswa kupepesa kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Ikienda mbio ghafla, gari linakuambia kwamba balbu moja imekufa. Ikienda mbio baada ya kuweka LED, ni kwa sababu LED inakula umeme kidogo na kipepeseo kinadhani balbu haipo.

Tela lina sheria zake. Viakisi mwanga vya nyuma vya tela ni vya umbo la pembetatu yenye ncha juu, na gari la kawaida haliruhusiwi kutumia vya umbo hilo, ili anayekuja ajue mbele yake kuna kitu kirefu. Wapakiaji wa mkaa na mbao, turubai lililoning'inia juu ya taa ni sawa na kutokuwa na taa. Tangu mabasi ya mikoani Tanzania yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, yule anayekuja nyuma ya tela lako saa nane usiku anaweza kuwa amebeba watu hamsini.

Taa zinazotumiwa vibaya

Kuwasha hazadi huku unatembea kwenye mvua au ukungu kumekuwa desturi, kuanzia Limuru hadi Mbeya. Ni kosa la kimantiki kwanza, la kisheria baadaye. Hazadi ni kwa gari lililoharibika au lililopata ajali na haliwezi kuondolewa, au kuwaonya wengine juu ya hatari iliyo mbele kabisa. Ukitembea nayo, indiketa zako zimekufa. Hakuna atakayejua unataka kukata kona. Wale wanaowasha hazadi kumaanisha "naenda moja kwa moja" kwenye makutano, tafadhalini acheni. Aliye upande wako wa kushoto anaona taa moja tu ikipepesa na anaamini unakata kushoto.

Taa za ukungu za mbele ni za ukungu na mvua kubwa. Ile nyekundu kali ya nyuma ni ya ukungu mzito tu; kukiwa kweupe humuumiza anayekufuata na kuifunika breki yako.

Kisha kuna lugha ya madereva wa malori. Indiketa ya kushoto: pita, mbele kuko safi. Ya kulia: usipite, kuna gari. Nimeisikia ikisifiwa kama undugu wa barabarani, na ninaelewa kwa nini, kwa sababu dereva wa lori anaona mbali kuliko wewe. Lakini sheria inaijua indiketa kwa kazi moja, kuonyesha unakoelekea. Indiketa ya kulia inaweza kuwa "usipite," na inaweza kuwa anakata kulia kweli. Ya kushoto inaweza kuwa ruhusa, na inaweza kuwa anaegesha. Ukipita kwa ruhusa ya indiketa ukagongana uso kwa uso, mahakama haitamuuliza mwenye lori. Wewe ndiye uliyepita.

Gari likizimika njiani

Hazadi kwanza, halafu pembetatu za kuakisi, zile ambazo Wakenya huziita lifesaver. Kutozibeba ni kosa lenyewe hata kama gari lako ni zima. Matawi ya miti hayahesabiki, ingawa kila mtu anayaelewa. Usiku hayaakisi mwanga, na mengi huachwa barabarani gari likishaondoka. Weka pembetatu mbali. Hatua ishirini nyuma ya gari kwenye barabara kuu ni sekunde moja ya onyo kwa anayekuja kilomita 80. Nenda mpaka umbali ambao wewe mwenyewe ungetaka kuonywa, na kama kuna kona au mgongo wa kilima, iweke kabla yake.

Mipakani

Ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, au Kabanga kuelekea Burundi, unahama upande wa barabara, na dimu zako zilizopanda kushoto sasa zinapanda machoni mwa wanaokuja. Vivyo hivyo ukitoka Uganda kuingia Kongo. Baadhi ya taa zina kishikio kidogo nyuma cha kubadilisha upande. Soma kitabu cha gari. Kwa taa zisizo na hicho, bandika kipande cha utepe mweusi kwenye ile sehemu ya kioo inayorusha mwanga wa pembeni, ukipima ukutani kabla ya safari, na ukirudi nyumbani ukibandue.

Neno la mwisho ni kwa wenye magari. Dereva wako akikuambia taa imekufa, mpe pesa ya balbu siku hiyohiyo na balbu mbili za akiba ziwe kwenye droo. Ukimwambia avumilie mpaka mwisho wa mwezi, halafu akaandikiwa faini njiani, usiikate kwenye mshahara wake. Hiyo faini ni yako.